Gari jipya, njia ya zamani: msituletee motere ambazo Kalemie haiwezi kuzifungua

Wapenzi wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu wa kambini ambao watoto wenu huwasomea maandishi haya kwenye simu: kwenye redio napewa dakika tatu, na jambo la leo halienei ndani ya dakika tatu. Tena leo nimekasirika, na mkubwa wangu wa kazi hapendi nikasirike hewani. Basi nakasirikia hapa.

Msimu wa mvua uliopita nilipanda pick-up mpya kabisa iliyokodiwa kubeba shitingi, sabuni na dawa kwa familia zilizorudi vijijini upande wa Nyunzu. Viti bado vilikuwa na plastiki. Shofere, kijana mmoja mcheshi, alinionyesha skrini kubwa kama televisheni na kunieleza kwamba motere ni ya esanse, ndogo, lakini ina turbo na «enjeksio ya moja kwa moja», nguvu kuliko mazutu ya wazee. Nilifurahi naye. Nani hapendi kupanda gari jipya?

Hatujafika Niemba, kwenye mlima mmoja wa matope, taa ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye tablo. Gari likajipunguzia nguvu lenyewe. Shofere anakanyaga, motere inalia, lakini tairi hazina nguvu hata ya kumsukuma mbuzi. Akazima, akawasha. Ikaenda mita mia moja, taa ikarudi. Akafungua boneti, na tukaangalia wote wawili ndani, na ndani kulikuwa na kifuniko cha plastiki nyeusi. Ndiyo hivyo tu. Hakuna cha kushika, hakuna cha kugonga, hakuna waya wa kuvuta.

Tulilala pale usiku mbili. Siku ya pili lilipita Land Cruiser la mazutu, la zamani, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, watu ishirini na zaidi juu ya mizigo, likitoa moshi kama jiko la mkaa mbichi. Ndilo lililotuvuta. Siku za safari tulizopewa zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo tulivutwa kurudi Kalemie, si kwenda mbele. Akina mama waliokuwa wameandikwa kwenye orodha walikaa chini ya mwembe wakitungojea siku mbili, halafu wakaambiwa warudi nyumbani. Walipata shitingi zao baada ya wiki tatu. Mvua haikungoja wiki tatu. Mmoja wao, nilipomkuta baadaye, aliniuliza swali ambalo ndilo limeniandikisha haya: «Mwanangu, walituambia gari ni jipya. Sasa kama jipya ndilo linakufa njiani, la zamani linafanya nini?»

Nilikwenda kumwuliza mzee mmoja fundi, mtu aliyejifunza kazi katika karakana ya reli, reli ile iliyofika hapa kutoka Kabalo mwaka 1915 na ambayo ametumikia karibu maisha yake yote. Alinifundisha kwa kipande cha mkaa juu ya ukuta wa garaji yake. Nimesoma pia mwenyewe, kwa sababu mwandishi asisikie upande mmoja tu. Naomba mnivumilie nieleze, maana hapa ndipo palipo na kesi yote. Na kwa jirani zetu wa Kigoma wanaosoma: esanse ni ile mnayoiita petroli. Sisi petroli ni ya taa.

Motere ya esanse ya kawaida, ya kizamani, hunyunyiza esanse kwenye njia ya hewa, kabla ya supape, yaani kile kilango kinachofunguka kuingiza hewa kwenye silinda. Esanse inapita juu ya supape na kuiosha kila siku bila mtu kuagiza. Presha yake ni ndogo, kama bari 3 au 4, pungufu ya upepo wa tairi ya kamio. Motere hizi mpya hazifanyi hivyo. Enjekta imeingizwa ndani ya silinda kabisa, na ili esanse iingie mle wakati hewa imeshakandamizwa, pompi lazima isukume kwa bari 200, nyingine mpaka 350. Tundu za enjekta ni nyembamba hata jicho halizioni vizuri. Halafu wameongeza turbo, kijigurudumu kinachosukumwa na moshi, kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kikielea juu ya utando mwembamba wa oli. Matokeo ni mazuri kwa kweli: motere ndogo inatoa nguvu ya kubwa, na kwenye lami inakula esanse kidogo. Mhandisi aliyebuni hivyo si mjinga. Alibuni kwa ajili ya barabara yake, duka lake la mafuta na fundi wake.

Sasa ilete Kalemie.

Esanse yetu inavuka ziwa, inashushwa, inamiminwa kwenye pipa, kutoka pipa inaingia bidoni, kutoka bidoni inaingia chupa ya Kadhafi pale kando ya njia, na kila inapomiminwa kuna mtu mwenye nafasi ya kuongeza kitu. Siwatukani vijana wa Kadhafi, wengi wao wananunua kama ilivyo na kuuza kama ilivyo, na pasipo wao taksi-moto zote za mji huu zingelala. Lakini kila shofere anaijua esanse iliyotiwa petroli ya taa, na kila mmoja ameshaona maji chini ya chupa. Pikipiki inakohoa, mwenyewe anafungua kabureta, anapuliza kwa mdomo, anaendelea na safari. Pompi ya bari 200 haipulizwi kwa mdomo. Petroli ya taa ikichanganyika, esanse inapoteza ule uwezo wake wa kuvumilia kukandamizwa, inalipuka kabla ya wakati wake, na ndani ya motere yenye turbo mlipuko huo ni nyundo juu ya pistoni. Kompyuta ya gari inasikia nyundo hiyo na kupunguza nguvu ili motere isife. Ndiyo taa ya rangi ya chungwa tuliyoiona kabla ya Niemba. Gari halikuwa limeharibika kabisa. Lilikuwa limekataa chakula chetu.

Kuna ubaya mwingine ambao haumngoji Kadhafi. Kwa kuwa esanse haipiti tena juu ya supape, hakuna cha kuiosha. Mvuke wa oli unaorudi kutoka chini ya motere unagandia pale, unaungua, unakuwa masizi magumu kama ya sufuria ya maharage. Hewa inakosa njia. Huko Marekani magereji yanayaondoa masizi hayo kwa kupuliza unga wa maganda ya njugu ngumu za kwao ziitwazo jozi, kwa mashine maalumu. Mzee wangu aliposikia hayo alicheka mpaka akakaa chini. Hana njugu hizo, wala mashine hiyo, na umeme wa kuiendesha mnaujua wenyewe.

Wala si maneno ya fundi wa Kalemie peke yake kwamba njia hii ina kasoro. Ford walipoweka motere hizi za EcoBoost kwenye pick-up yao ya F-150 mwaka 2011, zilikuwa na enjeksio ya ndani ya silinda tu. Mwaka 2017 ile ya lita 3.5 ilipotengenezwa upya, ilirudishiwa enjekta za kizamani, za kunyunyiza kabla ya supape, zikifanya kazi pamoja na zile mpya. Toyota nao katika motere zao kadhaa wanatumia zote mbili pamoja. Mtu akiongeza dirisha kwenye nyumba aliyosema imekamilika, huna haja ya kumwuliza kama hewa ilikuwa inatosha.

Halafu kuna lile la mlimani. Wahandisi wamegundua kwamba motere hizi zikibebeshwa mzigo mzito huku zinazunguka taratibu, matone ya oli na masizi ndani ya silinda yanaweza kuwasha moto kabla ya buji, na mlipuko mmoja wa aina hiyo unatosha kuvunja pistoni. Ilibidi watengeneze oli ya daraja jipya kwa ajili hiyo, na daraja linaloitwa API SP lilianza mwaka 2020. Mzigo mzito, mwendo wa taratibu: sijui kama kuna maneno yanayoeleza vizuri zaidi safari yetu ya kwenda Nyunzu, au Moba, au Bendera wakati wa mvua. Na oli ya daraja hilo, ukiikuta sokoni kwetu, jiulize kama iliyomo ndani ya bidoni ndiyo iliyoandikwa nje.

Najua nitajibiwa. Rafiki zangu vijana, hasa wale waliokaa Lubumbashi, wanasema mimi ni mzee wa miaka thelathini na kitu, nimeoa mazutu. Wanasema dunia inaiacha mazutu, moshi wake ni sumu, na motere ya turbo ya esanse inafika kilomita laki tatu ikitunzwa. Ni kweli kuna zinazofika. Ikipewa esanse safi, oli sahihi iliyobadilishwa kwa wakati, filta ya hewa isiyo ya bandia, na fundi mwenye kompyuta, itadumu. Mimi sipingi motere. Napinga kuipeleka mahali ambapo hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne, halafu kushangaa.

Tena nisiwe mwongo katika hasira yangu. Mwaka 2024 Toyota waliita magari yapatayo 102,000 huko Marekani, Tundra na Lexus LX ya mwaka 2022 na 2023, yenye motere ya V6 ya turbo mbili, kwa sababu vipande vya chuma vilivyobaki ndani wakati wa kuzitengeneza vinaweza kula mabushi ya krankshafti na motere ikazima njiani. Watu wananitumia habari hiyo kama ushahidi kwamba turbo ni mbovu. Hapana. Hilo ni kosa la usafi wa kiwanda, lingeweza kumpata yeyote. Lakini jiulizeni: mwenye Tundra wa Texas alipigiwa simu na kuwekewa motere nyingine bila kulipa. Wewa wangu wa Nyunzu atapigiwa simu na nani?

Esanse yenyewe pia si adui. Kuna Hilux ya lita 2.7 ya esanse, haina turbo, inanyunyiza kabla ya supape kama zamani, na mafundi wetu wanaifungua huku wakizungumza habari za mpira. Wala mazutu za kisasa si malaika, nyingi zina enjekta nyembamba kuliko hizi na zinaugua maji yale yale. Ninachokisema ni kidogo sana: kwa njia zetu, chagueni motere inayosamehe. Ile ya 1HZ iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za mashirika, silinda 6, lita 4.2, mazutu, bila turbo, pompi ya chuma isiyongoja amri ya kompyuta, imetengenezwa tangu mwaka 1990. Ni nzito, inapanda mlima kama mzee anayetoka kanisani, na ina kelele. Lakini nayo ndiyo iliyotuvuta.

Watu wa ziwa hili hawapaswi kufundishwa jambo hili. Wazee wenu wanaijua Liemba. Meli hiyo ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma kwa vipande, na mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka motere zake grisi nzito. Ilikaa chini ya maji mpaka 1924. Ikaopolewa, ikasafishwa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari, na mitambo yake ile ile ya mvuke ikaendelea kufanya kazi mpaka miaka ya 1970 ilipowekewa dizeli. Mwaka 1997, ni Liemba na Mwongozo zilizobeba wakimbizi zaidi ya 75,000 kuwarudisha nchi yetu kutoka Tanzania. Labda mama yako alikuwa mmoja wao. Mashine iliyokaa miaka minane ndani ya ziwa ilirudi kwa sababu aliyeitengeneza alidhani kwamba siku moja mtu mwingine, mahali pasipo na kiwanda, ataifungua kwa mikono. Kifuniko cha plastiki nyeusi hakidhani hivyo.

Sasa nawageukia wanaoamua, na hapa sitataja jina la mtu wala shirika, kwa sababu ugonjwa si wa mmoja. Nimesoma masharti ya kukodisha magari yanayobandikwa mjini hapa. Yanauliza gari ni la mwaka gani, maana la zamani linakataliwa. Yanauliza bima, mikanda ya viti, sanduku la dawa. Ni vizuri. Hakuna mstari hata mmoja unaouliza motere ni ya aina gani, nani hapa Kalemie anaweza kuitengeneza, na piesi zake ziko wapi. Basi mwenye gari naye anafanya hesabu yake. Anatafuta gari la mwaka wa karibuni kwa bei anayoiweza, na siku hizi hilo mara nyingi ni la turbo ya esanse. Amefuata sheria. Sharti lililowekwa ili gari lisiharibike njiani ndilo linaloleta gari linaloharibika njiani.

Ninyi wa mashirika ya kiutu, mna wahandisi wa magari huko makao makuu yenu. Waulizeni. Andikeni kwenye masharti kwamba gari la kwenda nje ya mji liwe na motere ambayo angalau garaji mbili za Kalemie zinaweza kuifungua na kuifunga, hata kama ni la mwaka 2005, mradi limekaguliwa na fundi na si na karani. Na kama lazima mkodi hayo mapya, basi bebeni esanse yenu kutoka kwenye pipa mnalolijua, pitisheni kwenye filta inayotenga maji, na ununuzi wa chupa njiani muukataze kabisa. Hilo halihitaji dola nyingi. Linahitaji mtu mmoja mwenye ufunguo wa depo na asiye na shemeji mwenye gari.

Serikali ya jimbo inapopewa magari kwa ajili ya maeneo ya afya, isipige makofi kabla ya kufungua boneti. Ambilansi si zawadi ya harusi. Mama anayetokwa damu kule Kabeya-Mayi haulizi kama gari lina skrini. Na OCC, wenye kazi ya kupima ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, watuambie hadharani, redioni, kwa Kiswahili, esanse inayoshuka bandarini ikoje. Kipindi nitakitoa mimi mwenyewe, bila malipo, waje na karatasi zao.

Kwa ninyi mashofere na wenye magari ambao tayari mmenunua, maana kulia hakurudishi pesa: msijaze kwenye chupa ambayo hamkuiangalia juani. Badilisheni oli mapema kuliko kitabu kinavyosema, kitabu hakikuandikwa kwa vumbi letu. Filta ya hewa ikipasuka msiishone. Mkitoka mlimani na motere ina moto, msizime papo hapo, iacheni iunguruме kidogo dakika mbili turbo ipoe. Mkiona oli inapungua bila kuvuja, au kipimo kinanuka esanse, nendeni kwa fundi siku hiyo hiyo, msingoje Jumatatu. Na muwe na namba ya yule kijana mwenye valizi ya kupima kompyuta za magari. Akisafiri kwenda Lubumbashi, nanyi msisafiri.

Kuhusu lile gari letu: liko kwenye ua mmoja karibu na njia ninayopita kwenda studio. Enjekta mbili zimeagizwa Dubai, pamoja na pompi. Plastiki ya viti bado haijatolewa. Kuku wamezoea kulala chini yake, na mlinzi ananiambia mkataba wake wa kukodiwa ulipoisha, mwenye gari aliomba tena, na fomu ikakubaliwa, kwa sababu gari ni la mwaka wa karibuni.